Magazeti ya Hadithi na Nasaba ya Bwana Msa

Imekuwa desturi ya wahakiki wetu, wamtajapo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kumtaja papo hapo na Sherlock Holmes. Huyu ana kiko na yule ana kiko. Huyu ana Najum na yule ana Daktari Watson. Basi hukumu hutolewa kwamba mtungaji wa Unguja aliiga, na shauri likaisha. Mimi naona shauri hilo halijaanza. Kiko ni kitu chepesi kuazima. Lililo zito ni umbo la hadithi, na umbo la visa vile halikuzaliwa katika kitabu. Lilizaliwa katika gazeti la hadithi.

Gazeti lenyewe ni The Strand Magazine, lililoanzishwa London na George Newnes mwezi wa Januari 1891. Magazeti mengi ya siku zile yalizoea kuchapa riwaya ndefu kwa mafungu, fungu moja kila toleo. Arthur Conan Doyle alieleza baadaye ila aliyoiona katika desturi hiyo: msomaji akikosa toleo moja, uzi umemkatikia, wala hana tena hamu ya kununua linalofuata. Akafikiri kuwa afadhali mtu mmoja adumu toleo hata toleo, lakini kila kisa kiishe mahali pake. Holmes alikuwa amekwisha kutokea katika riwaya mbili, ya 1887 na ya 1890, asipate sifa kubwa. Visa vifupi vilivyoanza Julai 1891 ndivyo vilivyompa jina. Hata ile kofia yake mashuhuri twaijua zaidi kwa mkono wa Sidney Paget, mchoraji wa gazeti, kuliko kwa kalamu ya mtungaji. Naye Doyle alipochoka naye akamwua, Desemba 1893, kilio cha wasomaji kilikuwa kikubwa, na mwishowe hakuwa na budi kumrudisha. Mtu wa namna hii si mali ya mtungaji peke yake. Huumbwa na kalenda, yaani na ile ahadi kwamba mwezi ukiandama atakuja tena.

Wala si Holmes peke yake aliyetufikia akiwa na alama za gazeti mwilini. Kisiwa chenye Hazina, kilichotafsiriwa na Frederick Johnson na kuchapwa 1929, kimesomwa kwetu kama kitabu cha shule, chenye heshima zote za darasa. Lakini Robert Louis Stevenson alikitoa kwanza kwa mafungu katika Young Folks, gazeti la bei rahisi la vijana, kuanzia Oktoba 1881 hata Januari 1882, tena kwa jina la kujibandika, Captain George North. Kitabu hakikutoka ila 1883. Mishono ya mafungu ingali yaonekana kwa mwenye kutazama. Kijana Jim amejificha ndani ya pipa la matofaa, asikia njama ya kuua, na papo hapo mlinzi wa chombo apiga ukelele kwamba nchi kavu yaonekana; sura yakatika hapo. Mwalimu asemaye kwamba huo ni ufundi wa riwaya hakukosea, ila hajasema ufundi huo ulifanyiwa kazi gani. Ulikuwa ukimvuta mtoto mwenye peni mfukoni arudi dukani juma la pili.

Sasa tumpime Bwana Msa kwa kipimo hicho. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ukachapwa 1960. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka 1968. Msomaji wa Strand alingoja mwezi. Msomaji wetu alingoja miaka minane! Hapana kalenda hapa, wala hapana ahadi. Kwa hiyo Abdulla hakuweza kumtegemea mpelelezi peke yake ashike hamu ya watu. Ilimpasa kila kitabu kijae watu wengine na siri za nyumba, nani mtoto wa nani, nani alioa kwa siri, mpaka kosa lenyewe likawa mlango tu wa kuingilia katika mambo ya jamaa. Visa vya Holmes vyenye kurasa chache havina nafasi ya hayo. Kwa maoni yangu hapo ndipo Abdulla anapomwacha Doyle, si katika kiko. Nakiri pia kwamba pengine fundo humzidi, na maelezo ya mwisho yakawa marefu kupita subira ya msomaji; mhariri wa gazeti angaliyakata.

Ajabu ni kwamba Abdulla alikuwa mtu wa magazeti hasa. Alihariri Zanzibari tangu 1948, akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq na Afrika Kwetu, kisha akahariri Mkulima toka 1958 hata 1968. Mkono uliozoea kujaza safu kila toleo ndio ulioandika Mzimu, na ni baada ya kuiacha kazi hiyo ndipo vitabu vyake vilipofuatana karibu kila mwaka: 1973, 1974, 1975, 1976. Wahakiki wameitafuta nasaba ya Bwana Msa huko Baker Street. Safu za Zanzibari na za Mkulima, alimojifunzia baba yake kuandika, bado hawajazifungua.