Mstari Usiosomwa

Tarehe 17 Februari 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, televisheni ya NBC ya Marekani ilikuwa imeshampa Anna Veith wa Austria ushindi wa mbio za skii za Super-G, ikahamishia matangazo kwenye ukumbi wa barafu. Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki hakuwa ameshuka bado. Akashuka na namba 26 kifuani, akatumia dakika 1 na sekunde 21.11, akampita Veith kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Siku saba baadaye aliweka skii kando, akapanda ubao mmoja na kushinda tena, safari hii mbio sambamba za giant slalom za ubao wa theluji. Hakuna mtu aliyewahi kutwaa dhahabu kwa skii na kwa ubao katika Michezo ya Olimpiki ile ile moja.

Mengi yameandikwa kuhusu sehemu ile moja ya mia. Kuhusu dhahabu ya pili, wengi huhesabu medali na kupita. Ni wachache wanaouliza mwanamke yule alikuwa akifanya nini juu ya ubao, na kwa nini kinapendeza. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera inalo, na mchezo huu umeishi miaka mingi nyuma ya pazia hilo.

Tuanze na jambo lenyewe. Ubao wa theluji unaweza kukata kona kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuserereka: mkia unasukumwa nje, ubao unakwenda mshazari, na theluji inaparuzwa kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kiganja. Ya pili ni kuchonga. Ubao unalazwa ubavuni, makali yake ya chuma yanazama, na mkia unapita pale pale ilipopita pua. Kinachobaki nyuma ni mstari mmoja mwembamba, kama uliochorwa kwa kisu. Huwezi kuudanganya mstari huo. Mkia ukiteleza hata kwa nusu sekunde, mstari unavimba pale pale, na kila mwenye macho atapaona.

Vifaa vya wachongaji vimezaliwa na hitaji la mstari huo, na vinafuatana kama kanuni za sarufi, moja ikiiita nyingine. Ili ubao uhame haraka kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, unapaswa kuwa mwembamba: kiunoni sentimita 20 hivi, wakati ubao wa kawaida una kama 25. Juu ya ubao mwembamba hivyo, nyayo hazienei kwa upana. Zikikaa kipande, vidole na visigino vitakwaruza theluji na mchongaji atang'olewa. Kwa hiyo miguu inageuzwa ielekee mbele, nyuzi 50 hadi 65. Lakini mguu unaotazama mbele hulaza ubao kwa nguvu ya goti na nyonga kwenda upande, na buti laini hujikunja na kuimeza nguvu hiyo njiani. Ndipo linapohitajika buti gumu: ganda la plastiki lenye bizimu, lililobanwa kwenye vifungio vya bamba, linalofikisha neno la goti kwenye makali bila kulipunguza.

Hesabu yake nayo inapendeza. Kiuno cha ubao ni kipande cha duara. Ubao ukilala, duara hilo linazidi kubana. Ubao wenye nusukipenyo cha mita 12, ukilazwa nyuzi 60, huchora kona ya mita 6 hivi, ingawa theluji nayo ina neno lake. Maana yake, mchongaji hapindishi usukani wowote. Anachagua pembe tu, na pembe ndiyo inayochagua njia.

Hapa ndipo mhakiki anapopata kazi, kwa sababu kuna shule mbili za kuifikia pembe hiyo.

Shule ya kwanza ni ya mwili unaolala. Waswisi Jacques Rilliet na Patrice Fivat, wakitumia miteremko ya Zinal, waliijulisha dunia kwa video ambazo ndani yake mchongaji hulala chini kwa kifua, kisha kwa mgongo, kona baada ya kona, huku mkono ukiipapasa theluji. Kabla yao Mfaransa Serge Vitelli alikuwa ameshaiachia kona ya namna hii jina lake. Shule ya pili ni ya wakimbiaji kama Ledecká. Nyonga inashuka karibu na theluji, lakini mabega hubaki yamesimama, kwa sababu lango linalofuata linakuja na hakuna nafasi ya kulala.

Mtazamaji mgeni huipenda shule ya kwanza, na simlaumu. Ila namwomba atazame ubao kabla ya mwili. Katika kazi ya mabingwa, ubao hulazwa kwanza, na mwili huanguka kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kwenda. Kwa waigaji, mkono ndio unaoitafuta theluji. Bega linadondoka, kiuno kinakunjika, na upande wa visigino mtu anakaa kama aliyevutiwa kigoda. Ubao, ambao hakuna aliyeushughulikia, unabaki karibu bapa na kuserereka. Katika picha ya mgando watu hao wawili hutofautiani nao. Mistari yao haifanani hata kidogo. Pozi lililotangulia sababu yake ni pambo tu, na hivyo ndivyo ilivyo hata katika ushairi.

Wakimbiaji wana dosari ya upande wa pili. Saa ndiyo hakimu wao, na saa haijali mstari. Mkimbiaji akichelewa lango, atauvuruga ubao na kuserereka kidogo ili asalie njiani, na pengine atashinda. Hata hivyo mbio sambamba zinampa msomaji zawadi adimu: watu wawili, mteremko mmoja, malango yaliyopangwa kwa mfano mmoja. Ni kama kusoma tafsiri mbili za sentensi ile ile zikiwa kando kwa kando. Kwangu mimi, kazi bora kuliko zote ni pale haja ya saa na haja ya mstari zinapokutana, pale njia safi inapokuwa ndiyo njia ya haraka. Hazikutani kila mara. Zikikutana, hakuna haja ya majaji.

Wapo wanaosema buti gumu limekufa kwa haki yake. Linafanana na la skii, linabana, kulitembelea ni adhabu, na vijana walioanzisha utamaduni wa ubao walitaka kufanana na yeyote isipokuwa mcheza skii. Hoja hizi zina uzito. Mabuti laini yanakwenda kila mahali, na leo wapo wanaochonga nayo vizuri mno. Lakini tuseme ukweli: kilicholisukuma buti gumu pembeni zaidi ni picha. Mruko una anga nyuma yake, una kupanda na kutua, unaenea kwenye ukurasa wa jarida na kwenye sekunde tano za video. Mstari unahitaji mtu ainamishe macho na kusubiri.

Hili limewahi kutokea, tena katika ukumbi ule ule wa barafu. Kwa miaka mingi, asilimia 60 ya alama za mchezo wa kuteleza kwenye barafu zilitoka kwenye michoro ya lazima: mchezaji alichora nane na duara kwa kiatu chenye makali, na majaji wakainama kukagua alama zilizobaki. Mwaka 1972 Beatrix Schuba wa Austria alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa michoro yake, ingawa katika kuteleza huru alikuwa wa saba. Watazamaji wa televisheni, ambao michoro hawakuiona, hawakuelewa. Uzito wa michoro ukapunguzwa hatua kwa hatua, na baada ya 1990 ikaondolewa kabisa kwenye mashindano ya kimataifa. Kuruka kumestawi tangu hapo. Kuchora kumebaki kwa wachache wanaokikumbuka.

Wachongaji wa theluji wanaijua njia hiyo. Vic Wild, mzaliwa wa Marekani, alihamia Urusi baada ya nchi yake kuacha kugharimia mbio za ubao. Huko Sochi, mwaka 2014, alishinda dhahabu mbili, moja katika giant slalom sambamba na nyingine katika slalom sambamba. Miaka minne baadaye slalom sambamba haikuwamo tena kwenye ratiba ya Olimpiki. Sanaa inayotegemea warsha chache, mabuti machache na tukio moja kila miaka minne haihitaji adui ili ipotee. Kutotazamwa kunatosha.

Basi mbio zijazo zikioneshwa, msomaji, mwache mchongaji apite. Usimfuate. Tazama theluji aliyoiacha, mahali kona ilipoanza na mahali ilipofungwa, na utafute kama mstari umevimba popote. Fanya hima, kwa maana mwenzake anakuja nyuma, na usiku mashine itapita kusawazisha kila kitu.