Shingo ya Ganda

Hapa Morogoro, mji wenye kiwanda cha risasi cha Mzinga, jamaa mmoja mpenda shabaha alinionyesha kifaa cha kukerezea shingo ya ganda. Ganda tupu huvikwa kwenye mhimili, kisu kikapunguza shaba kwa nje hadi unene uwe sawa pande zote. Hapo kichwa cha risasi huachiwa sawasawa. Sibishi. Lawama yangu ni kwa mkono usiojua kuacha: shingo ikiwa nyembamba mno hulegea, tena hupasuka mapema. Bunduki ya mashindano, yenye chemba iliyobana, inakihitaji kifaa hiki. Mkulima wa Uluguru anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori hakihitaji. Yeye anahitaji ganda lisilompasukia usoni.