Mwenye Nyumba Asiye na Uso: *Shetani Msalabani* Ikisomwa kutoka Makongeni

Utangulizi

Msomaji wa *Shetani Msalabani* hukumbuka kwanza pango la Ilmorog, ambamo wezi na wanyang'anyi wanashindana kujigamba mbele ya wageni wao wa ng'ambo. Ni rahisi kusahau kwamba riwaya hii ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025), iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982, inauanzisha mgogoro wake katika nyumba ya kupanga huko Ofafa Jericho, Nairobi. Makala haya yanakusudia kuisoma riwaya kutoka upande huo wa mji, hususa kutoka Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli ulio katika eneo lilo hilo la Eastlands. Hoja kuu ni kwamba mwandishi amefaulu kuonyesha nani yuko nyuma ya mhuni wa mtaani, lakini hakumwachia nafasi mwenye nyumba ambaye si mwizi wala si tajiri.

Kutoka nyumbani hadi pangoni

Wariinga amepoteza kazi kwa kumkataa bosi wake. Mwenye nyumba naye anampandishia kodi, na anapogoma kuilipa, wahuni wa kukodiwa wanavitoa vyombo vyake nje na kumwachia barua ya vitisho. Genge hilo linajiita Malaika wa Shetani. Linajiita pia wafanyabiashara binafsi. Kejeli imo katika jina hilo la pili, kwa sababu riwaya nzima itathibitisha kwamba limesema kweli. Mwaura, dereva wa matatu inayomchukua Wariinga kwenda Ilmorog, hatimaye anabainika kuwa mmoja wao. Kwa hiyo barabara inayotoka Eastlands kwenda pangoni ni barabara ya kiusanifu pia: inaunganisha mkono unaotupa vyombo nje na mfuko unaoulipa.

Muungano huu ndio unaoitofautisha riwaya na masimulizi ya ujambazi yaliyosomwa sana nchini Kenya, kama vile *My Life in Crime* (1984) ya John Kiriamiti. Huko jambazi ndiye msimulizi, nasi tunafuata ujanja wake, mapenzi yake na kuanguka kwake. Uhalifu unaanza kwake na kumalizikia kwake. Chanzo cha mali yenyewe si swali la kitabu hicho.

Ngũgĩ anaugeuza mpangilio huo kwa tukio fupi ambalo halijapewa uzito linaostahili. Ndaaya wa Kahuria anapanda jukwaani na kukiri kwamba yeye huiba kwa sababu ya njaa. Ukumbi unachafuka, naye anafukuzwa kwa aibu. Mwizi wa njaa hana sifa za kushindana na wezi wa shibe. Wangari naye, aliyewaamini polisi na kuwaonyesha maficho ya wezi, ndiye anayetiwa pingu. Matukio haya mawili yanasomeka kama sentensi moja: pango humtoa mwizi mdogo, nayo sheria humtoa shahidi, ili utajiri ubaki umejificha mbele ya macho ya wote.

Suala la chumvi

Inaweza kudaiwa kwamba washindani wa pangoni ni vikaragosi, kwamba Gitutu wa Gataanguru anayeota kuuza udongo na hewa makoponi hana uhalisia. Pingamizi hili linasahau kazi ya tashtiti. Mali iliyofichwa haina sura. Msanii hulazimika kuichongea tumbo na mdomo ili ionekane. Isitoshe, historia yenyewe ilitia chumvi zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 kampuni ya Goldenberg International ililipwa fidia na serikali ya Kenya kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo kwa kiasi hicho. Mwaka 2003 ilipoundwa Tume ya Jaji Bosire, wananchi walisikiliza ushahidi uliokaribiana mno na ule wa pangoni, isipokuwa kwamba mashahidi hawa hawakujigamba.

Kinachokosekana

Kutojigamba huko ndiko kunakofichua mpaka wa riwaya. Pangoni kila mwizi hutaja jina lake na mbinu zake. Makongeni hali ni nyingine. Nyumba zilijengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake. Baada ya mwaka 2006 mitaa ya reli iliwekwa chini ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi hao. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, mtaa mwingine wa reli, walikatiwa maji na kuanza kuondolewa; mwaka 2013 Mahakama Kuu ilitamka kwamba haki zao zilikiukwa. Hapa hapakuwa na genge wala barua ya Malaika wa Shetani. Palikuwa na hati, wadhamini, na wazee wastaafu wanaongoja malipo yao. Mfanyakazi wa jana alikuwa mwenye nyumba wa mfanyakazi wa leo.

Katika ulimwengu wa *Shetani Msalabani*, ambamo Muturi na wenzake wako upande mmoja na walaji wako upande wa pili, mwenye nyumba wa namna hii hana mahali pa kusimama. Hata Wariinga anapompiga risasi Mzee Tajiri wa Ngorika, risasi ina shabaha kwa sababu dhuluma ina uso.

Hitimisho

Riwaya hii imewafundisha wasomaji wake kuuliza nani amemtuma mhuni mlangoni. Swali hilo halijachakaa. Lakini mpangaji wa Makongeni anahitaji pia riwaya itakayouliza la kufanya pale mlango unapogongwa kwa hati halali, na jina lililo chini ya hati hiyo ni la baba yake.