Kumtafuta Bundi Mji wa Kale

Anayemtafuta bundi Mombasa huanza kwa kutazama chini. Popo na njiwa nao huchafua kuta, kwa hiyo doa jeupe peke yake si ushahidi. Ushahidi ni tonge. Bundi wa mjini humeza panya mzima, kisha manyoya na mifupa huitapika ikiwa imeshikamana: tonge jeusi linalong'aa likiwa la usiku huo, la kijivu likishakauka. Lipasue kwa kijiti. Utakuta fuvu la panya na meno yake ya rangi ya chungwa, pengine na taya la kirukanjia lenye vijimeno vyeupe. Hapo ndipo uinue macho, polepole, kwenye boriti za gofu. Mibuyu ya Barabara ya Mama Ngina nayo ina matundu ya kutazamwa.

Huo ndio ufundi ninaousifu: kujua ndege aliko kabla ya kumwona, na kumwona bila kumbabaisha. Kunguru nao hutoa habari. Wakiuzonga mwembe mmoja mchana kwa kelele zisizokwisha, huenda ndani yake mna bundi anayezomewa. Muungwana hasogei. Akimtimua, kunguru watamwandama mtaa mzima.

Usiku usimmulike usoni, wala usipige kwenye simu sauti ya bundi mwenzake. Atadhani kaingiliwa himaya yake, aache kuwinda, pengine makinda walale njaa. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini mwetu, yuko bundi mdogo ajulikanaye kitaalamu kama Otus ireneae, wa sentimita 16 hadi 18 tu, ambaye wanasayansi walimtambua miaka ya 1960. Zaidi ya hapo anajulikana mahali pachache tu, kama Usambara Mashariki. Ndege adimu namna hiyo, kumghasi kwa ajili ya picha ni utovu wa adabu.

Mjini balaa la bundi ni kudhaniwa uchuro. Bundi wetu haguni, hukwaruza. Na uso ule mweupe, wenye umbo la jani la tambuu, ukikutokea darini gizani utajikuta unasoma Ayatul Kursi. Wako wanaomrushia mawe. Wanamfukuza mla panya, kisha wanakwenda Marikiti kununua sumu ya panya, ambayo nayo humuua bundi akimla panya aliyeila.

Kwa hiyo ukishamwona, usitaje mahali. Ukiulizwa barazani ulikuwa wapi usiku huu, sema ulikwenda Ngomeni kupunga upepo.