Namba ya Ukurasa: Wiki ya Kiingereza Katika Darasa la Nancie Atwell

Mwalimu anapita kati ya wanafunzi akiwa na karatasi na kalamu. Kila mtoto ameinamia kitabu chake, na hakuna vitabu viwili vinavyofanana. Anaangalia jina la kitabu, anaandika namba ya ukurasa, anasogea kwa mwingine. Jana alipita vivyo hivyo, na kesho atapita tena. Kwa hesabu yake, nusu saa ya kusoma humsogeza mwanafunzi wa gredi ya saba au ya nane kiasi cha kurasa 20. Kwa hiyo aliyekuwa ukurasa wa 64 jana na leo yuko wa 66 ana jambo la kueleza: ama kitabu hakimnogei, ama jana usiku hakusoma.

Basi, kazi ya nyumbani imekwisha kukaguliwa. Hakukuwa na maswali ya ufahamu wala muhtasari wa sura ya tatu, na hakuna rundo la madaftari linalomsubiri mwalimu mezani. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma nusu saa, kila usiku, siku zote saba za wiki, kitabu ambacho mwanafunzi amekichagua mwenyewe.

Huyu ni Nancie Atwell, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Alifundisha kwanza katika shule ya umma ya Boothbay Harbor, mji mdogo wa pwani, kuanzia miaka ya 1970. Mwaka 1987 akatoa kitabu In the Middle, kinachoeleza darasa lake hatua kwa hatua, na mwaka 1990 akaanzisha shule yake, Center for Teaching and Learning, katika mji wa Edgecomb. Mwaka 2015, huko Dubai, alikuwa mwalimu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya mwalimu bora duniani ya wakfu wa Varkey, dola milioni 1, akasema fedha zote ataipa shule. Ni tuzo ileile aliyokuja kuitwaa Peter Tabichi wa Kenya mwaka 2019.

Wanaomsifu Atwell husifu uhuru: watoto wanachagua vitabu, wanachagua mada za insha, wanaandika wanachotaka. Walimu wengi walioiga uhuru huo waliishia na darasa lenye kelele na insha zisizokwisha, kisha wakarudi kwenye kitabu cha kiada. Nikiisoma mipango yake kwa makini, naona uhuru si nguzo ya kazi hii. Nguzo ni rekodi. Mwanamke huyu ni mtunza hesabu hodari kuliko walimu wengi wakali ninaowajua, ila anachokiandika si kile kinachoandikwa na walimu wengine.

Hakuanza hivyo. Ameeleza wazi kwamba miaka ya mwanzo alikuwa akitumia likizo ya kiangazi kupanga mazoezi ya mwaka mzima, kisha anaingia darasani, anaketi nyuma ya meza kubwa na kuyagawa. Kilichomtoa hapo ni utafiti wa Donald Graves wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, aliyewatazama watoto wadogo wakiandika na kuona kwamba, wakipewa muda wa uhakika na mada zao, wanafanya yaleyale wafanyayo waandishi: wanafuta, wanabadili, wanaahirisha, wanarudia. Atwell akajiuliza kama vijana wa miaka 12 hadi 14 wangeweza. Umri huo ndio mgumu, na ndiyo sababu ya jina la kitabu chake, yaani “Katikati”.

Tuangalie kipindi chenyewe kinavyokwenda. Kinafunguliwa na shairi moja, ambalo mwalimu analisoma kwa sauti na wanafunzi wanalijadili wakiwa na nakala mkononi. Linafuata somo fupi kwa darasa zima, kuhusu jambo moja tu: namna ya kuanza hadithi katikati ya tukio, matumizi ya nukta mkato, kuchagua kitenzi badala ya kurundika vielezi. Baada ya hapo mwalimu anaita majina.

Kuita majina huko hakumaanishi mahudhurio. Kila anayeitwa anasema, kwa sentensi moja, atafanya nini leo: “Naendelea na rasimu ya pili ya kumbukumbu ya babu.” “Nasahihisha shairi.” “Nimekwama, nahitaji kuzungumza nawe.” Mwalimu anayaandika yote kwenye karatasi yenye mistari ya majina na safu za siku. Zoezi zima linachukua dakika chache. Lakini hebu fikiria karatasi hiyo inavyoonekana Ijumaa. Mwalimu anaona kwa jicho moja kwamba mtoto fulani amesema “naendelea na rasimu” Jumatatu, Jumanne na Jumatano, bila kusogea. Tena mtoto ametamka ahadi mbele ya wenzake, na ahadi hiyo ina tarehe. Darasa la kawaida, lenye zoezi moja kwa wote, halihitaji karatasi kama hii kwa sababu mwalimu anajua kila mtu anafanya nini, au anadhani anajua. Darasa ambalo kila mmoja yuko kwenye kazi yake litasambaratika ndani ya wiki mbili bila karatasi hiyo.

Kisha wanaandika kimya, na mwalimu anazunguka na kigoda chake, anaketi kando ya mmoja baada ya mwingine na kunong'ona naye. Haketi mezani kungoja foleni, maana foleni ni watoto waliosimama bila kufanya kazi. Mazungumzo ni mafupi na huanza na swali la namna ya “inaendeleaje?” Hachukui kalamu ya mtoto.

Baada ya kuandika ndipo wanasoma, na mara nyingi kabla ya kusoma kuna kunadi vitabu. Mwalimu au mwanafunzi anasimama na kitabu alichokimaliza, anakisifia kwa dakika moja au mbili, anakaa. Watu hulichukulia jambo hili kama pambo, nami naona ndilo linaloendesha kazi ya nyumbani. Mtoto asiye na kitabu kinachomvuta hatasoma usiku hata ukimpa adhabu gani. Kwa kunadi, darasa zima linapata orodha ya vitabu vya kufuata, na mtoto aliyekwama ukurasa wa 66 anaruhusiwa kukiacha kitabu hicho bila aibu na kuchukua kingine. Wanafunzi wa Atwell walisoma kwa wastani vitabu 40 kwa mwaka. Anayeshangazwa na idadi hiyo apige hesabu: kurasa 20 kwa usiku ni kurasa 140 kwa wiki, na vitabu vingi vya vijana vina kurasa 200 na kitu. Nusu saa ya usiku, ikiongezewa muda wa darasani, inatosha kabisa.

Sehemu inayonivutia zaidi kiufundi ni jinsi anavyoshughulikia makosa ya lugha. Mwanafunzi akimaliza insha, anaisahihisha mwenyewe kwanza kwa kalamu ya rangi tofauti, akifuata orodha yake binafsi ya mambo ya kuangalia. Ndipo mwalimu anaipitia. Katika kuipitia huko anachagua kosa moja au mawili tu ya kumfundisha, na hayo yanaongezwa kwenye orodha ya mtoto. Toka siku hiyo mtoto ana wajibu nayo katika kila kazi. Orodha inarefuka mwaka mzima, na ya huyu haifanani na ya yule. Kuna faida mbili hapa. Mwalimu hamwagi wino mwekundu kwenye makosa 30 ambayo mtoto hatayasoma, na mtoto aliyekwisha kujua koma hapotezi wiki kufundishwa koma.

Tahajia nayo inakwenda hivyo. Hakuna orodha ya maneno 20 kwa darasa zima. Kila mwanafunzi anakusanya maneno aliyoyakosea katika maandishi yake mwenyewe, anachagua matano kwa wiki, anayasoma kwa utaratibu aliofundishwa, kisha mwenzake anampa imla ya hayo matano. Mwalimu hasahihishi chochote hapo. Anahakikisha tu kwamba zoezi limefanyika.

Kuna kiwango pia, jambo ambalo mashabiki wa uhuru hupenda kulisahau. Katika toleo la pili la kitabu chake, la mwaka 1998, Atwell anadai kurasa tatu hadi tano za rasimu kila wiki, na angalau kazi mbili zilizokamilika kila baada ya wiki sita. Mada ni ya mtoto, lakini wingi na tarehe ni vya mwalimu.

Mpango huu uliwahi kumwelemea mwenyewe. Mwanzoni wanafunzi walimwandikia barua kuhusu vitabu walivyosoma, naye akajibu kila barua. Zilikuwa barua nzuri, na zilimmaliza. Baadaye akazipunguza: barua ndefu zaidi, yenye uchambuzi, kila baada ya wiki tatu, nyingine akiandikiwa mwalimu na nyingine rafiki. Mabadiliko haya hayatajwi sana, nami nayaona kuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika mfumo huu. Barua ya kila wiki humlazimisha mtoto kusema jambo hata asipokuwa nalo. Wiki tatu zinampa kitabu kizima, pengine viwili, vya kufikiria.

Je, mbinu hii imethibitishwa? Hapa inafaa kwenda polepole. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani kuhusu usomaji lilipitia tafiti zilizokuwapo na kusema hazitoshi kuonyesha kwamba kuwaachia watoto wasome kimya wenyewe kunaboresha usomaji. Wapinzani wa Atwell hulitaja jopo hilo mara kwa mara. Lakini tafiti nyingi zilizopitiwa zilihusu kusoma kimya bila mwalimu kuingilia: kengele inalia, kila mtu anafungua kitabu, mwalimu naye anasoma chake. Karatasi ya namba za kurasa, kunadi vitabu, minong'ono ya kigodani na barua havikuwamo. Kwa hiyo jopo halikumwangusha Atwell, wala halikumthibitisha.

Kuhusu kazi za nyumbani, Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti mwaka 2006 na kuona kwamba uhusiano kati ya kazi hizo na ufaulu ni mkubwa zaidi kuanzia gredi ya saba kwenda juu kuliko katika madarasa ya chini. Kanuni inayotumiwa sana Marekani ni dakika 10 kwa kila gredi, yaani dakika 80 kwa gredi ya nane kwa masomo yote pamoja. Nusu saa ya Atwell inaingia humo, ingawa inakula zaidi ya theluthi moja.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Lisa Delpit, mwalimu Mweusi wa Marekani, katika makala zake za mwaka 1986 na 1988. Delpit hakumlenga Atwell peke yake. Alilenga mkondo mzima wa kufundisha uandishi kwa kumwachia mtoto aitafute sauti yake. Alisema mtoto wa tabaka la kati anakuja na Kiingereza cha shule kutoka nyumbani, kwa hiyo uhuru unamtosha. Mtoto ambaye nyumbani hakisemwi Kiingereza hicho anahitaji kuambiwa kanuni waziwazi, na mwalimu anayezificha kwa jina la upole anamdhulumu. Masomo mafupi ya Atwell na orodha zake za makosa ni jibu la sehemu, maana kanuni zinatajwa. Lakini kanuni moja au mbili kwa kila insha ni dozi ndogo kwa mtoto aliye nyuma kwa kanuni mia.

Pingamizi hilo linatugusa. Mwanafunzi wa shule ya umma Tanzania anaingia Kidato cha Kwanza akitoka katika miaka saba ya kusomeshwa kwa Kiswahili, na ghafla anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Mwenzake wa Gredi ya 7 Kenya, iliyoanza kuwa sehemu ya sekondari ya chini mwaka 2023, amezoea Kiingereza zaidi, ila mara nyingi naye hakisemi nyumbani. Kumwambia mtoto kama huyo achague kitabu na kusoma kurasa 20 ni kuchukulia kwamba vitabu vipo, vya ngazi yake, na kwamba usiku nyumbani kuna taa na nafasi ya kukaa. Madarasa ya Edgecomb yalikuwa madogo na rafu zake zilijaa. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 akijibu kila barua kwa dakika tano, atatumia saa 15 kwa awamu moja ya barua. Hilo haliwezekani, na asilaumiwe anayekataa.

Hata hivyo mfumo huu si kitu kimoja cha kuchukuliwa chote au kuachwa chote. Barua na maktaba vinahitaji fedha na muda. Orodha ya makosa binafsi inahitaji ukurasa wa mwisho wa daftari. Maneno matano ya tahajia yanahitaji jirani wa dawati, naye katika darasa la 60 hakosekani. Mwalimu akianza na hayo mawili muhula huu, imla ya Ijumaa haitamwachia daftari hata moja la kubeba nyumbani.