Kikundi Kilichosimama: Mizani ya Kupimia Taarab ya Unguja

Katika mazungumzo ya wapenzi wa taarab Unguja, hakuna sifa inayotolewa upesi na kufutwa upesi kama ile ya kusema kwamba kikundi fulani "kimesimama". Hupewa kikundi kilichonunua vyombo vipya, au kilichorudi safari ya Ulaya, au kinachotoza fedha nyingi kupigia harusi. Mwimbaji wake mkuu akihamia kwengine, sifa hiyo hunyang'anywa, na wale wale waliosifu husema walijua tangu mwanzo. Sifa inayotoweka hivyo pengine haikuwa na mahali pa kukaa. Yafaa kuuliza ni kitu gani hasa kinachosimama.

Umri ni jibu la kwanza linalokuja mdomoni. Nadi Ikhwani Safaa iliasisiwa 1905, na Malindi ndiko inakojulikana. Mila na Utamaduni, klabu ya Vuga, ilianza 1958 miongoni mwa vijana wa Afro-Shirazi. Klabu ya kwanza imepitia zama za masultani, Mapinduzi ya 1964, sahani za santuri, redio, kanda za kaseti na vinanda vya umeme. Huo ni umri wa heshima, lakini hakuna hata mmoja katika waasisi wa 1905 aliyebaki kupiga udi. Vidole vimebadilika, sauti zimebadilika, hata vyombo vyenyewe si vile vile. Anayesema kwamba kikundi ni kile kile anasema jambo zito kuliko anavyodhani, kwani amekiri kuwa kikundi si watu wake.

Mfano wa Siti binti Saad unalipima jambo hili vizuri. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi, na sahani zake zikasikilizwa pwani nzima. Alikuwa na watu hodari ubavuni, akina Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban, waliopiga na kutunga. Siti alifariki 1950. Nyimbo zilipata warithi, na aliyejulikana mno katika hao ni Bi Kidude, aliyeziimba hadi uzeeni na kufariki 2013. Kikundi hakikupata mrithi. Hapana anayeweza kusema Siti hakusimama. Shaaban Robert hakumwandikia wasifu mtu mdogo. Lakini kile kilichosimama ni mtu, kisha nyimbo zake. Ukumbi haukubaki na mlango ambao kijana angeubisha akaambiwa aingie, akae nyuma ya wapigaji, asikilize kwanza.

Jambo la pili ni shairi, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ijapokuwa wanaohesabu safari na vyombo hulipita. Wimbo wa taarab ya kale ni shairi kabla haujawa wimbo: una beti zenye vina vya kati na vya mwisho, una kiitikio, una mizani inayohesabika, na zaidi ya hayo una fumbo. Mtunzi hamtaji mtu. Humtaja ndege, ua, chombo kilichopotea njia, tunda lililochumwa kabla ya wakati. Anayetajwa kwa jina hilo jengine yumo ukumbini, au mwenziwe yumo, nao hujijua. Hapo ndipo desturi ya kutunza inapopata maana yake. Bibi anayeinuka na noti mkononi, akaenda kwa mwendo wa pole hadi mbele ya mwimbaji, hatoi ujira. Anachagua ubeti. Akiinuka katika ubeti wa pili na si wa kwanza, ukumbi mzima umeshaelewa ni neno gani amelifanya lake, na pengine ni nani aliyekaa safu ya tatu linayemhusu.

Sasa na apimwe mgeni na mwenyeji kwa mizani hiyo. Kikundi kipya kikianza wimbo wake, wasikilizaji hutulia wapate kujua shairi linasema nini. Huko ni kusikilizwa, na ni heshima. Kikundi kilichosimama kikianza, fidla na kanuni zikiwa bado katika utangulizi na mwimbaji hajafungua kinywa, kuna mtu tayari amekwisha kujitanda vizuri kanga yake na anangoja zamu ya ubeti wake. Shairi limeshatoka mikononi mwa klabu. Wameolewa nalo, wameachwa nalo, wamegombana kwalo. Mwimbaji aliyelitoa mara ya kwanza akiwa hayupo, mwengine hulichukua, na watu huinuka pale pale walipokuwa wakiinuka. Kikundi kinachoweza kumpoteza mwimbaji bila ya kumpoteza bibi yule anayeinuka, hicho kimesimama.

Kwa kipimo hiki taarab ya kisasa ina deni. Si kweli, kama wanavyolalamika baadhi ya wazee, kwamba kinanda cha umeme ndicho kilichoharibu. Chombo hakina hatia, na hata fidla ilikuja na meli. Tatizo ni kwamba vikundi vingi vya mtindo huu hujengwa juu ya jina moja. Jahazi Modern Taarab ilianzishwa Dar es Salaam 2006, ikajaza kumbi, na ushairi wa Mzee Yusuf mara nyengine ni mkali na mzuri kuliko wanavyokubali wakosoaji wake. Hata hivyo alipotangaza 2016 kwamba anaacha muziki, swali lililoulizwa vibarazani halikuwa wimbo gani utaimbwa na nani, bali kama kuna jahazi tena. Fumbo nalo limepungua. Neno linaporushwa wazi wazi, anayelipokea hana kazi ya kulifumbua, na lisilofumbuliwa halikai moyoni muda mrefu.

Klabu kongwe nazo zisijipumzishe kwa maneno haya. Tangu Tamasha la Nchi za Jahazi lianze 1998 na Sauti za Busara 2004, jukwaa la Ngome Kongwe limezipa klabu hizo wasikilizaji kutoka mabara yote, wanaopiga makofi baada ya kila wimbo na hawaelewi hata neno moja. Si kosa lao. Lakini mbele yao mwimbaji hujifunza kunyoosha sauti badala ya kutamka, beti hukatwa ili programu iende, na wimbo ule ule unaopendeza wageni hurudiwa mwaka hadi mwaka. Klabu inaweza kusimama hivyo kama mnara unavyosimama, ukipigwa picha.

Lipo na jambo la watunzi, nalo ni aibu kongwe. Msikilizaji wa Unguja humjua mwimbaji, na akiwa mjuzi atamjua mpiga udi. Mwenye shairi ni nadra kutajwa jukwaani. Beti zimekaa katika madaftari ya waimbaji na katika kanda zinazoliwa na unyevu. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002, kimewafundisha vijana wengi kusoma nota, na katika wao wako wapigaji wa kanuni wa kutegemewa. Nota, hata hivyo, haimwambii kijana kwa nini katika ubeti wa tatu neno moja huvutwa na jengine kumezwa, wala kwa nini wakati huo wapigaji wakongwe huteremsha mikono wakamtazama bibi wa safu ya tatu. Hilo atalipata kwa kukaa mazoezini usiku, nyuma ya mtu aliyekuwapo.