Guu la Kushoto la Francis Kahata

Ukitaka kumwelewa Francis Kahata, kiungo wa Kenya, usiutazame mpira. Mtazame yeye kabla haujamfikia. Anageuza shingo, anachungulia juu ya bega la kulia, kisha la kushoto, halafu anaufungua mwili kidogo kuelekea lango la wapinzani. Beki aliye mgongoni anadhani amemdhibiti. Mpira unapotua, mguso wa kwanza wa guu la kushoto tayari umempeleka upande ambao beki hayupo. Mashabiki wataishangilia pasi inayofuata, nayo inastahili, lakini kazi yenyewe ilishakwisha.

Nafurahi mno kwamba fundi huyu aliwahi kuichezea Thika United, timu ya mji ambao sisi wa Nyeri, Karatina na Murang'a tunaupita kila tukienda Nairobi. Huku Mlima Kenya tumezoea kusifu mbio. Catherine Ndereba, binti wa Nyeri, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni jijini Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47, na fahari ile haijatutoka. Hata kwenye soka, anayeshangiliwa ni winga mwenye kasi. Kiungo anayetulia na kusubiri mwenzake afike panapofaa huambiwa ni mvivu.

Wala si kazi rahisi kutulia huku kwetu. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mpira mrefu hupaa ukapita ulipokusudiwa. Asubuhi za Julai nyasi zimelowa ukungu, mpira unateleza. Alasiri udongo umekauka, mpira unadunda ovyo. Kiungo wa viwanja hivi hana budi kujua kuupoza mpira. Na hapo ndipo Kahata anaponivutia kuliko wote: pasi yake humfikia mwenzake ikiwa imepoa, mbele ya mguu anaoutumia, kiasi kwamba mpokeaji hahitaji kuigusa mara mbili.

Ufundi huo ulimfikisha Albania, katika klabu ya KF Tirana. Akiwa na Gor Mahia (K'Ogalo), walitwaa ligi ya Kenya mfululizo hadi msimu wa 2018/19, na mwaka 2019 wakafika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka huohuo alikuwa kwenye kikosi cha timu ya taifa, Harambee Stars, kilichokwenda Misri, fainali za kwanza za Mataifa ya Afrika kwa Kenya tangu 2004. Kisha Simba wakamchukua, akawa bingwa Tanzania pia. Huko Simba alimkuta Clatous Chama, fundi wa aina yake, na nafasi zikawa za kugombania. Sioni upungufu hapo. Timu yenye viungo wawili wa namna hiyo ina utajiri ambao makocha wengi hawajawahi kuwa nao.

Halafu kuna mipira iliyokufa. Kona ya upande wa kulia ikipigwa kwa guu la kushoto hujipinda kuelekea langoni, na Kahata huipiga bila haraka, hatua chache tu, kichwa kimeinama. Haupigi mpira juu sana. Unapita usawa wa vichwa, kati ya kipa na mabeki wake, mahali ambapo kipa akitoka amechelewa, akibaki mguso mdogo wa yeyote, hata wa beki wake mwenyewe, unatosha kuwa bao.